Anayekunywa Umeme Uliozidi

Mashine iliyofanya kazi hupata moto, hilo halihitaji shule. Cherehani hupata moto, mashine ya kusaga hupata moto, hata mwanamke aliyetwanga tangu asubuhi, mguse shingoni uone. Kwa hiyo Magreth alipopitisha kitambaa juu ya amplifaya, siku waliporudi kutoka kwenye sherehe ya kumuaga binti wa watu pale Mafiga, mkono wake uliruka wenyewe. Muziki ulikuwa umepigwa mchana kutwa mpaka wachezaji wakavua viatu, na chuma kilikuwa baridi kama mtungi uliolala kivulini.

"Casto," akamwita mumewe. "Njoo uguse hapa."

"Niguse nini tena, mama?"

"Amplifaya. Ina baridi."

"Si ndiyo vizuri? Haitaungua." Castory akacheka kicheko chake cha ukumbini. Lakini hakuja kugusa.

Paka wao, aliyekuwa na kawaida ya kujikunja juu ya mashine kila ikizimwa apate vuguvugu, alikuwa amekaa mlangoni, manyoya yamesimama. Magreth akamwita. Paka akamtazama, akatazama mashine, akaenda zake kulala kwenye jivu la jikoni.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya Japani, mtumba, zile nzito zenye vifundo vya fedha mbele. Huko kwao umeme wao ni mdogo, volti mia moja. Wetu mia mbili na thelathini. Ukiichomeka ukutani hivi hivi ni sawa na kumnywesha kichanga togwa kwa ndoo. Castory alishaunguza ya kwanza namna hiyo, kwenye harusi ya Bigwa, bibi harusi ndiyo kwanza anatia mguu ukumbini. Moshi, vikohozi, shela likanuka waya. Akina mama wa Bigwa nao wana midomo! "Emsii, umekuja kupiga muziki au kukausha samaki?" Tangu siku hiyo mjini akaitwa Casto Moshi, na mwanamume yule alikuwa anakonda kila akilisikia jina hilo. Ndipo akanunua mashine ya pili pamoja na transfoma ya kushushia umeme, sanduku la chuma zito ambalo ukilibeba unatembea kama mjamzito wa miezi tisa.

Kazi yao ilikuwa ya wawili. Castory ndiye mshereheshaji, maneno matamu, vichekesho, suti ya kung'aa. Magreth ndiye sauti. Na ile haikuwa sauti ya kujifunzia. Ilitoka Towelo, juu mlimani, kwa bibi yake aliyewaimbia wali, wasichana waliofundwa, wakitolewa ndani, na bibi aliipata kwa mama yake, na huyo kwa mama yake. Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama, na katika ukoo wao walisema wanawake hurithishana vitu viwili: shamba la migomba na koo. Mama yake, Bi Rahel, alizoea kusema, "Mimi nikisikia Magi anaita 'mama' kutoka bondeni, nalia kabla sijamwona."

Baada ya siku ile ya chuma baridi, likaja la pili. Walikuwa kwenye harusi, Magreth ameshika maiki, anavuta pumzi aanze wimbo wa kumwingiza bwana harusi. Kabla hajafungua mdomo, spika zikaanza. Sauti yake yenyewe, wimbo wenyewe, mbele yake kwa pumzi moja. Yeye ndiye akawa anaikimbilia, kama mtu anayefukuza kanga yake iliyopeperushwa na upepo. Watu wakashangilia, vigelegele, hakuna aliyegundua. Akageuka amwangalie mumewe. Castory alikuwa ameinama anapanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Walipofika nyumbani Magreth akataka kusema "nina njaa." Ikatoka nusu.

Akanywa tangawizi na asali, akagugumia ndimu. Hospitali wakamulika koo, wakasema ni zima kabisa, apumzike asiongee. Akapumzika. Lakini kila sherehe spika zilizidi kuimba vizuri, na kila akirudi, koo lake lilikuwa limepungua, kama gunia la mchele lenye tundu. Akiingia chumba cha vyombo vyao vya muziki alinusa harufu: ubani, na chini ya ubani, nywele zilizoungua.

"Casto, humu mnanuka."

"Vumbi la nyaya hilo."

"Vumbi linanuka ubani?"

"Magi, daktari kasema usiongee."

Siku moja jua linazama, adhana ya magharibi haijaisha, umeme ukakatika Mafiga nzima. Ukasikika mtaa unaguna, majirani wanaitana kuulizana mishumaa, redio zote zimekufa pamoja. Castory alikuwa ametoka. Magreth alikuwa amesimama sebuleni na kiberiti mkononi, hajakiwasha, akaona chini ya mlango wa chumba cha vyombo mstari mwekundu. Akafungua. Taa ya amplifaya ilikuwa inawaka. Plagi ilikuwa sakafuni, imelala, meno yake juu.

Na spika zilikuwa zinaongea.

Zilikuwa zinaongea taratibu, kwa sauti yake, kama mtu anayetoa nguo sandukuni moja moja na kuzitazama, na maneno hayakuwa ya nyimbo bali ya maisha yake mwenyewe, alivyobishana na mamalishe sokoni kuhusu samaki waliooza, alivyosema "ndiyo, nimekubali" kanisani siku ya ndoa yake akiwa na kwikwi ya furaha, alivyomnong'oneza Castory gizani mambo ambayo mwanamke hamwambii mtu mwingine duniani, kisha sauti ikawa nyembamba, ikawa ya msichana, ikawa ya mtoto mdogo anayembembeleza mdogo wake mgongoni kwa Kiluguru huku akipanda mlima na kuni kichwani, na Magreth aliyesimama pale mlangoni akajua, kama mtu anavyojua kwamba mguu wake umekanyaga nyoka kabla hajatazama chini, kwamba kitu kile hakimwigizi, kinamla, kimeanza na sauti ya juzi na kinarudi nyuma kuelekea kilio cha kuzaliwa, na kikifika huko kitakuwa kimemaliza.

Spika zikanyamaza. Halafu, kwa sauti yake ileile, zikamsalimu:

"Umefika, dada? Karibu ndani."

Kiberiti kikamponyoka. Alilala kwa jirani.

Asubuhi, Castory hajaamka, akamleta fundi Yunusi, jirani yao wa nyumba ya tatu, anayetengeneza redio na pasi barazani kwake. Yunusi mtu wa mzaha, hata msibani hutania. Akaingia anapiga mluzi.

"Haya, shemeji, tumwone huyu Mjapani wako anaumwa nini."

Akafuata waya kutoka mashine mpaka kwenye transfoma. Akalinyanyua sanduku kwa mikono miwili, kama mtu anayejua uzito wake, karibu aanguke kinyumenyume. Lilikuwa jepesi kama kapu tupu. Mluzi ukakatika.

"Shemeji. Hili limekuwa linatumika?"

Magreth akaitikia kwa kichwa.

Yunusi akafungua skrubu. Ndani hapakuwa na waya wa shaba, hapakuwa na chuma. Pembeni palikuwa peusi, pameungua siku nyingi. Katikati palikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa, kimefungwa kwa nywele. Yunusi akakigusa kwa bisibisi, akasema bismillahi, akarudi nyuma.

"Hii mashine inataka mia moja," akasema kwa sauti ya chini, kama aliyeingia chumba cha maiti. "Ukuta unatoa mia mbili thelathini. Hapa katikati hamna kitu cha kushusha. Ilitakiwa iungue siku ile ile. Sasa ule umeme uliozidi, shemeji, unakwenda wapi? Nani anaunywa?"

Magreth hakumsikia. Alikuwa anatazama kitambaa. Kilikuwa kitenge cha rangi ya zambarau na ndege weupe. Kilikuwa chake. Mama yake alimfunga nacho siku anatolewa nyumbani kwenda kwa mume, na pindo lake lilipokatika alidhani ni panya. Nywele alizijua pia. Kuna mtu mmoja tu aliyemsuka nywele ndani ya nyumba ile Jumapili jioni, akaokota zilizobaki kwenye kitana, akasema ngoja nikazitupe, mke wangu, uchawi mwingi siku hizi.

Alipogeuka, Castory alikuwa mlangoni na taulo shingoni.

"Nani kakwambia ufungue?" akauliza. Hakuuliza kuna nini ndani.

Yunusi akakusanya vifaa vyake akapita ubavuni mwake bila salamu.

"Ni wewe," Magreth akasema. Ilitoka kama karatasi inachanwa.

Castory akaketi juu ya spika. Akajifuta kwa taulo uso uliokuwa mkavu.

"Ilikuwa Mikese," akasema. "Ile harusi uliyokuja nyuma na akina mama. Nilitangulia kujaribu mitambo. Transfoma ikaungua, Magi. Moshi ule ule. Nikawasikia kabisa masikioni: Casto Moshi, Casto Moshi. Nikatoka barabarani, jua la utosini, nalia kama mtoto. Akaja mtu. Kanzu nyeupe pee, na barabara ile vumbi tupu. Akaniambia, 'Pole, emsii.' Akaniambia kwa sauti yangu, Magi. Yangu mimi, ninavyoongea mimi."

"Ukakimbia?"

"Akasema ana mtu wake anayependa umeme. Kile kinachozidi atakunywa yeye, mashine haitaungua milele. Ila mtu hanywi bila kula. Anataka sauti. Yangu, au ya mtu yeyote ninayekula naye chungu kimoja, nifunge nguo yake na nywele zake humo ndani."

"Na wewe una sauti," Magreth akasema.

Castory akatazama sakafu. "Mimi ndiyo kazi yangu, Magi. Nikinyamaza tutakula nini?"

Jamani, kuna maneno yanayovunja ndoa kuliko kofi. Magreth alisimama pale anamtazama mtu ambaye yeye alimfulia, alimuuguza malaria, alimwimbia watu wakadhani uzuri wa sherehe ni wake, naye hakumwona. Aliona suti tu.

Mganga aliyeitwa alikuwa Bi Hafidha, Mnyamwezi aliyehamia Mafiga zamani, anauza vitumbua asubuhi na kutibu watu mchana. Si wale wa tunguri na macho mekundu. Miwani, kanga safi, simu yake ndogo imefungwa mpira. Kutoka Towelo wakashuka Bi Rahel na mjomba Severin, kaka yake, maana jambo la mtoto wa kike kwa Waluguru halisemwi bila mjomba.

"Shikamoo, bibi," Castory akasema.

"Marahaba, mtani wangu. Nyie Waluguru!" Bi Hafidha akavua viatu. "Wenzenu wanafuga kuku, ninyi mnafuga majini. Na mnawalisha wake zenu."

Hakuna aliyecheka, naye hakutaka wacheke. Akazunguka amplifaya, akainusa, akaweka kiganja juu yake akakiondoa upesi. Kisha akamkalisha Magreth mkekani, akamshika koo kwa vidole viwili kama anayepapasa embe.

"Sauti imebaki kidogo," akasema. Akawageukia wengine. "Sikilizeni. Huyu hakuvamia. Angevamia ningemsomea akatoka. Huyu kakaribishwa kwa jina, kapewa chakula kwa jina. Umeme kinywaji chake, sauti ya binti ndiyo wali wake. Sasa Castory, nakuuliza mbele ya mjomba. Mke ni wa nani?"

"Wangu."

"Mwongo!" mjomba Severin akafoka, fimbo ikagonga sakafu. "Umemwoa, hukumzaa. Huyu ni wa ukoo wetu, na sauti ile ni ya ukoo wetu. Ulimpa jini mali ya watu!"

"Hapo ndipo penye mlango," Bi Hafidha akasema. "Katoa kisicho chake. Kwa hiyo kinarudishika. Atashika hiyo maiki yake, atataja jina la mtu wa kuliwa, upya, mbele yetu. Safari hii la kwake. Akilitaja, jini atamwacha binti amfuate yeye."

"Nitakuwa bubu?" Castory akauliza.

"Sijui utabaki na kiasi gani. Wewe unaongea sana, labda patabaki kidogo."

Castory akamtazama mkewe. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, machozi yanadondoka kwenye mkeka. "Nisamehe, Magi. Nimekosa. Nitasema jina langu. Naapa kwa mama yangu." Na Magreth, ah, moyo wa mwanamke! Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

Wakatoa vyombo uani, jua la utosini, saa ambayo kivuli cha mtu kinaingia chini ya nyayo zake. Bi Hafidha akafukiza ubani, akachomeka plagi mwenyewe. Mstari wa moshi ulipanda, ukafika usawa wa mashine, ukainama, ukaingia ndani kupitia matundu kama unaovutwa na pua. Taa nyekundu ikawaka. Kuku wote wa jirani wakanyamaza. Kisha spika zikaanza kupumua. Ilikuwa pumzi, hivyo tu, pumzi ya mtu mzito aliyeshiba anayegeuka kitandani, ikiingia na kutoka, na kila ikitoka iliwapiga usoni ubaridi wa mtoni alfajiri, na nywele zilizoungua, na ndani ya ubaridi ule wakasikia vijineno vya Magreth vimesagika, mama, ndiyo, karibu, samaki, mama, vikizunguka kama punje kwenye ungo, mpaka Bi Rahel akaziba masikio yake akaanza kusali kwa nguvu, na mjomba Severin, mzee wa watu aliyezoea kulala msituni peke yake, akashika ukuta.

"Sasa," Bi Hafidha akanong'ona. "Taja."

Castory akainua maiki. Spika zikaacha kupumua, zinasubiri. Na katika ule ukimya zikasema, kwa sauti yake Castory, ya ukumbini, ya furaha:

"Mabibi na mabwana, tumpigie makofi Casto Moshi!"

Akapauka. Macho yakakimbia kwa Bi Hafidha, kwa mjomba, kwa maiki. Hakumtazama mkewe. Akafungua mdomo.

"Magreth," akasema. Akarudia kwa haraka, vizuri, kama emsii anayetamka jina la mgeni rasmi. "Magreth. Chukua Magreth."

Hakukuwa na kishindo. Magreth aliyekuwa amekaa mkekani alihisi kitu kinamtoka kooni taratibu, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa, mrefu, mrefu, mpaka mwisho wake ukapita katikati ya meno. Akapiga kelele. Mdomo ulikuwa wazi, shingo imesimama mishipa, na uani palikuwa kimya kabisa. Kelele ile ilitokea kwenye spika.

Bi Hafidha akachomoa plagi, akaanza kukunja kanga yake ya kazi. Mikono yake haikuwa na utani tena.

"Mara ya kwanza alitoa kwa siri, cha wizi. Sasa katoa mbele ya ukoo mzima, na ukoo ulikuwepo, umesikia. Sina dawa ya hapo. Mchukueni mtoto wenu mwende."

Mjomba alimpiga Castory fimbo ya bega, moja, na fimbo ikavunjika. Hiyo ndiyo hukumu yote iliyopatikana.

Wakampandisha Magreth Towelo. Akalima, akachota maji, akajifunza kuita mbuzi kwa kupiga makofi. Huku chini, Casto hakuitwa tena Moshi. Kila mwisho wa wiki upepo ukipanda kutoka mjini walisikia muziki wake, na juu ya muziki ile sauti, haina mwimbaji, inaingiza mabibi harusi wa watu. Magreth akiisikia aliingia ndani akajifunika. Bi Rahel alibaki nje. Alikaa kwenye jiwe lililotazama bondeni, mikono mapajani, kichwa kimeinama upande, akisikiliza mpaka wimbo wa mwisho. Magreth alimwona siku moja kupitia upenyo wa dirisha. Mama yake alikuwa anatabasamu.

Zilipoingia mvua za vuli, jioni moja ukungu ulishuka mpaka kwenye paa. Mama na binti walikuwa jikoni, Bi Rahel anasonga ugali, Magreth kwenye kigoda anamenya magimbi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ubao.

"Hodi."

Mwiko ukasimama chunguni.

"Hodi, mama. Mbona mmefunga mapema? Nimelowa."

Ilikuwa sauti nzima. Haikuwa na mkwaruzo wa spika, haikuwa na waya. Ilikuwa sauti ya Magreth wa zamani anarudi kutoka bondeni, na ndani yake kile kitone cha kicheko kilichomliza mama yake kila mara kabla hajamwona. Magreth aliyekuwa kwenye kigoda alishika mkono wa mama yake kwa nguvu zote. Akatikisa kichwa. Akagonga sufuria. Akajigonga kifua: mimi, mama, mimi hapa. Ikamtoka hewa tupu.

"Mama," sauti ikaita. "Ni mimi, Magi. Nifungulie, mama yangu."

Bi Rahel alikuwa analia. Alivitoa vidole vya binti yake mkononi mwake kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayetoa miiba.

"Tangu msimu uliopita," akasema, "sijaitwa mama."

Akaondoa ubao. Ukungu ukaingia, na ubaridi, na harufu ya ubani. Mlangoni hapakuwa na mtu. "Karibu," Bi Rahel akasema. "Karibu, mwanangu, ingia."

Moto ukalala chini ya chungu. Bi Rahel akafunga mlango, akapangusa macho, akageuka akamtazama Magreth jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa siku nyingi.

"Hebu jisogeze, mama," akamwambia. "Mwenzio apate pa kukaa."